Daftari la Stoo

Kengele ya saa tisa na dakika arobaini
haijamaliza kulia, wamenijaa dirishani:
Madam Stoo, raketi! Madam Stoo, vizibao vyekundu!
Madam Stoo, ile pampu ya jana!
Naandika. Kitokacho chochote nakiandika,
jina, gredi, idadi, na sahihi
kama mchanga uliopekuliwa na kuku.

Ishani hachukui kitu kwangu. Ana sello yake mgongoni,
utadhani amembeba babu kumpeleka hospitali.
Naisiae amevaa kofia ya kuogelea tangu kipindi cha hisabati.
Abdikadir anataka saa ya sataranji,
si hiyo inayokwama, ile nyingine,
maana leo, anaapa, atamla Mwalimu Odera malkia
mchana kweupe.
Wa raga huja mwisho, wakisukumana,
matope ya Jumanne yamewakaukia viatuni.
Juu ya uwanja mwewe wawili wanazunguka.
Ratiba wanaijua kuliko wazazi:
Alhamisi ni siku ya soseji.

Kwa saa moja na nusu shule hii ya Lavington
haina ada wala ripoti.
Ina filimbi. Ina maji yanayoruka. Ina wimbo mmoja
ambao kwaya huuanza mara kumi na moja
na mara kumi na moja sauti ya tatu
huteleza palepale.

Halafu magari.
Sello inapewa kiti cha mbele.
Vitu vinarudi, natia alama:
vizibao kumi na vinne, sawa;
raketi sita, moja imekatika uzi, sawa;
mipira ya kandanda, tisa.

Ilitoka kumi.

Alhamisi ya kwanza niliulaumu ua wa michongoma.
Ya pili nikamlaumu Barasa wa lango, Mungu anisamehe,
maana kesho yake mpira ulikuwa mlangoni pangu,
mkavu, na usiku kucha kulikuwa na manyunyu.
Ijumaa iliyopita nikawahi.
Basi la kwanza likasimama, akashuka mtoto mmoja,
akaenda moja kwa moja nyuma ya tangi la maji,
akauchomoa, akaupangusa kwa sweta.
Nikafungua daftari. Mpira namba saba:
Muuo, Gredi ya Sita. Muuo. Muuo.
Herufi zimenyooka,
za mtoto asiyetaka kusumbua mtu.

Sasa, kanuni ya stoo ni hii, na niliiandika mwenyewe ukutani:
kitu kikikosekana, stoo haifungwi.
Na stoo isipofungwa, taa ya veranda haizimwi,
na Madam Stoo haendi kwake.
Mama yake Muuo yuko zamu, wadi ya watoto wa watu.
Baba yake ni sauti katika simu ya ofisi:
saa kumi na mbili, nimefika Westlands;
saa kumi na mbili na nusu, nimefika Westlands.

Leo tumeutafuta tena, mimi na yeye, kwa tochi ya simu.
Julai hii, pumzi zetu zinaonekana.
Tumepekua michongoma. Tumeinama chini ya jukwaa.
Huku akitafuta, ananisimulia bao alilolikosa,
na jinsi sungura wao alivyokula chaja,
na kwamba mpira wenyewe, kusema kweli,
haupendi sana,
ila kilabu cha mpira ndicho humaliza mwisho.

Nilitaka kusema neno. Sikulipata.
Mtu mzima ana maneno mengi ya kuhesabu
na machache ya kutoa.

Tulipolikaribia tangi la maji
nikasikia viatu vyake vikipunguza mwendo,
kimoja, halafu cha pili.
Nikageuza tochi.

“Huko nimeshaangalia,” nikamwambia. “Hakuna kitu.
Tuanze upya, kule kwenye magoli.”

Akatangulia, karibu mbio.